Mbuzi Aliyezunguka Uwanja

Kamba ilikuwa mkononi mwake. Mbuzi hakuwapo.

Hapo ndipo tulipoachana na Marcellin juma lililopita: nyuma ya goli, kwenye uwanja wa Kasongo, kipenga cha mwisho kimelia, Luama ya Kabambare imelala saba kwa sifuri mbele ya Chui, timu ya Kasongo, na mashabiki wake wa njano wamekata kamba wakaondoka na beberu mweusi huku wakiimba.

Beberu yule hakuletwa Kasongo kutazama mpira. Aliletwa kwa wakwe. Estelle, mke wa Marcellin, alikuwa amerudi kwao Kasongo, na wazazi wake walikuwa wametuma neno: njoo na mbuzi, ukae chini, uombe radhi, mkeo utampata.

Kosa lenyewe halikuwa dogo. Nyanya yake Estelle alipofariki, mkwe alitakiwa kuja kushika jembe na kuchimba kaburi, kama desturi inavyotaka. Marcellin hakuja. Siku ile Luama walikuwa wanacheza Salamabila, naye alikuwa Salamabila akiwapigia ngoma.

Estelle hakupiga kelele. Alifunga kitenge, akachukua mfuko wake, akaenda.

Sasa siku ya radhi imefika, na imeangukia siku ya mechi. Mtu mwenye akili angempeleka mbuzi kwa wakwe kwanza. Marcellin alimfunga mbuzi kitambaa cha buluu shingoni, akamzungusha uwanja mzima kabla ya mpira kuanza, akiwatukana watu wa Kasongo kwa zamu, safu kwa safu.

Na kati ya Chui na Luama kuna sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Mnyama aliyezunguka uwanja na rangi ya timu ni mnyama wa mechi. Anayeshinda anamla. Awe kuku, awe bata, awe mbuzi, hakuna kuuliza alikuwa anakwenda wapi.

Marcellin aliijua sheria hiyo tangu utotoni. Siku ile haikumpitia hata kichwani, kwa sababu ya kiburi tu. Hakufikiri kwamba Luama wangeweza kufungwa.

"Unatazama nini kwa hiyo kamba?" Iliasi alimwuliza. "Itazaa mbuzi ingine?"

Iliasi ndiye aliyembeba kwa pikipiki kutoka Kabambare, mbuzi katikati yao, matope hadi magotini. Ndiye pia angekuwa msemaji wake, kwa maana mtu haombi radhi kwa wakwe kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, Mwislamu wa kuswali, asiyejua hata timu ina watu wangapi.

"Nyamaza, Iliasi."

"Nanyamaza. Lakini baba mukwe wako anatungoja kabla jua halijaingia. Nitamwambia nini? Kwamba tumemuletea kamba nzuri?"

Wachezaji wa Luama walikuwa wanapita kuelekea kwenye lori lao, vichwa chini, viatu mkononi. Wa mwisho alikuwa Kasimu, kipa.

Marcellin alimtazama kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga.

"Kaka Marcellin," Kasimu alianza, "jua lilikuwa machoni."

"Jua?"

"Ndiyo, kaka. Machoni kabisa."

"Kipindi cha kwanza lilikuwa machoni. Kipindi cha pili likakuwa mugongoni. Lilikusukuma?"

Kasimu alihamisha viatu vyake mkono wa pili.

"Ile ya tano," Marcellin aliendelea, "uliruka kama mutu anayekimbia nyuki. Ile ya sita hukuruka kabisa. Ile ya saba ilikupigia hodi, ukaifungulia, ukaikaribisha kiti. Pita. Panda lori. Kaa chini kule nyuma pamoja na mihogo."

Kipa alipita. Alikuwa kijana mrefu, na mabega yake yalikuwa yameshuka kabisa. Marcellin hakumhurumia. Hakumhurumia yeyote. Kocha alimwona mpumbavu. Washambuliaji aliwaona wagonjwa. Mashabiki wenzake, wale waliokuja naye wakiimba njia nzima, walikuwa sasa kwenye kisima cha jirani wakinawa rangi ya buluu usoni, upesi upesi, kama wezi.

Mmoja wao alikuwa hata amekwisha pata kitambaa cha njano.

"Hicho nini shingoni?" Marcellin alimwuliza.

"Aah, mie niko mutu wa mupira tu," yule alisema, akatazama pembeni. "Anayecheza vizuri ndiye wangu."

Marcellin alitema mate chini, karibu sana na kiatu chake.

Mama mmoja muuza karanga, aliyekuwa anakunja mkeka wake, alicheka hadi akashika kiuno.

"Wewe ndiye mwenye mbuzi? Pole, papa. Mbuzi yako imetembea kwa heshima. Imepelekwa kwa Bruno. Wanawasha moto kule."

Marcellin aligeuka.

"Bruno gani?"

"Bruno iko ngapi hapa? Mukubwa wa mashabiki wa Chui. Bruno wa muzee Grégoire."

Iliasi alishika kichwa.

Mzee Grégoire ndiye baba mkwe wa Marcellin. Bruno ndiye kaka wa Estelle. Na Bruno, pamoja na sauti yake yote na filimbi yake, hajawahi kujenga nyumba. Anakaa uani kwa baba yake.

"Basi Mungu ametusaidia," Iliasi alisema. "Mbuzi imetutangulia kwa wakwe!"

Kwa mara ya kwanza tangu goli la pili, Marcellin alipumua.

"Washa pikipiki," alisema. "Tufike kabla ya kisu."

*

Walifika kisu kikiwa juu ya jiwe, kinanolewa.

Ua ulikuwa umejaa njano. Watu walikuwa wanacheza kwa ngoma na madebe, wengine wameketi juu ya ukuta, na katikati, amefungwa kwenye mparachichi, beberu mweusi alikuwa anatafuna majani kama mtu asiyehusika. Kitambaa cha buluu kilikuwa bado shingoni mwake.

"Saba! Saba! Saba!"

Kelele zilipanda walipomwona Marcellin na fulana yake ya buluu. Bruno alijitokeza mbele, mnene, jasho linamtiririka, filimbi inaning'inia kifuani.

"Shemeji! Karibu! Umekuja kula?"

"Nimekuja kwa muzee," Marcellin alisema.

"Kwa muzee? Vizuri. Lakini kwanza nikufundishe kitu. Unajua kwa nini tumefunga saba? Si sita, si nane. Saba, kama siku za juma. Ili kila siku ukiamuka ukumbuke goli moja. Hatukutaka mukose kazi."

Ua mzima uliangua kicheko. Marcellin alisaga meno. Kuna watu wanaoshinda wakanyamaza, na kuna watu kama Bruno, ambaye hakupiga hata mpira mmoja siku ile lakini alitembea kama kwamba magoli yote yalitoka kwenye mguu wake.

Mzee Grégoire alikuwa ameketi barazani, fimbo kati ya magoti. Mama Véronique, mama mkwe, alipomwona Marcellin aligeuza kiti chake akampa mgongo, kama heshima ya mkwe inavyotaka, na Marcellin naye akatazama chini. Nyuma yao, mlangoni mwa jiko, Estelle alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo ya mboga. Hakuinua macho. Mchi ulipanda na kushuka.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona tangu aondoke. Alikuwa amesuka nywele upya.

Ngoma zilinyamaza. Iliasi alikohoa, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Muzee Grégoire, mie iko mudomo wa huyu mutoto wako. Alikosa. Anajua alikosa. Mama aliyemulea Estelle aliingia kwa udongo, na mukwe hakushika jembe. Hakuna neno la kufunika hilo. Amekuja kuomba radhi."

"Nimesikia," mzee alisema. "Mbuzi wa radhi iko wapi?"

Iliasi alinyoosha mkono kuelekea mparachichi.

"Ile pale, muzee."

"Ile?" Bruno alipiga filimbi. "Ile mbuzi iko ya Chui! Papa, usikubali. Ile ni mbuzi ya mechi."

"Ni mbuzi yangu!" Marcellin alisema. "Nimeifuga mwenyewe Kabambare!"

"Wewe nyamaza," Iliasi alimnong'oneza. "Mie ndiye mudomo."

Mzee Grégoire aliinua fimbo, na watu wote wakanyamaza, hata wale wa ukutani.

"Mie sijui mupira," alisema taratibu. "Naona watu wazima wanafukuza kitu, na wakikipata wanakipiga teke kiende mbali. Sijawahi kuelewa. Lakini sheria ya hapa najua. Mukwe, jibu wewe mwenyewe. Hii mbuzi ilizunguka uwanja?"

Marcellin alitazama chini.

"Ilizunguka, papa."

"Na kitambaa?"

"Na kitambaa."

"Nani aliizungusha?"

Mchi tu ulisikika jikoni.

"Basi," mzee alisema, "ile uliyoileta kwangu uliipitisha kwanza kwa mupira. Kama ulivyopitisha kwa mupira maiti ya mama yangu. Imebaki huko. Mbele yangu umekuja mikono mitupu. Rudi kwenu."

"Papa..."

"Rudi kwenu. Siku utakayojua nini inatangulia nini, utatuma mutu."

Mzee alianza kuinuka. Na Marcellin aliona wazi kwamba fimbo ile ikiingia ndani, mlango utafungwa nyuma yake, na Estelle atabaki upande wa pili.

Hapo Bruno alicheka.

"Papa, ngojea kidogo. Chui haina ubaya. Tunaweza kumurudishia mbuzi yake."

Watu wa njano walianza kunung'unika. Bruno aliwatuliza kwa mkono, kama waziri.

"Tunairudisha. Mbele ya wote, iwe yake tena, aitoe kwa papa kwa heshima. Lakini avue ile fulana ya buluu, avae hii."

Alivua fulana yake ya njano iliyolowa jasho, akaining'iniza kwa kidole.

"Avae. Asimame pale juu ya kinu kile cha zamani. Atuhesabie magoli, moja kwa kila siku ya juma. Na mwisho aseme kwa sauti Luama iko nini."

Kelele! Madebe, filimbi, makofi. Simu zilitoka mifukoni.

Marcellin aliitazama fulana. Miaka yote hiyo alikuwa amewadharau watu wa Chui kwa raha, kwa moyo wote, bila kuchoka. Alidharau njano yao. Alidharau nyimbo zao za kuiba. Alidharau namna wanavyocheza mpira mrefu kama watu wanaopiga embe kwa jiwe. Na sasa jasho la Bruno limuingie mwilini?

"Afazali nirudi Kabambare bila muke," alisema, "kuliko kuvaa hiyo takataka."

Mchi ulisimama.

Estelle alitoka mlangoni mwa jiko, majani ya sombe yamemganda kwenye vidole. Hakuwa amekasirika. Uso wake ulikuwa mkavu kabisa.

"Rudia," alisema.

Marcellin alimtazama Iliasi.

"Nilisikia vibaya? Rudia, bwana yangu. Watu wote wasikie vizuri, maana nataka nilale leo nikijua."

"Estelle, mie..."

"Siku ya kuzika koko, nyanya yangu, uliniacha nimesimama kando ya shimo. Watu wananiuliza mukwe iko wapi, mie nasema yuko njiani, yuko njiani. Mutu wa kando akachukua jembe kwa huruma. Kwa huruma, Marcellin! Leo unaniacha tena, na shimo halipo, maiti haiko, ni fulana tu. Kitambaa. Basi rudi na timu yako. Iko inakungoja kwa lori."

Akageuka kurudi kwenye kinu chake.

Iliasi alimkanyaga Marcellin kwenye mguu, kwa nguvu.

Marcellin alifikiria nyumba yake kule Kabambare. Tangu Estelle aondoke alikuwa anakula kwa mdogo wake, Heri, na kurudi usiku kwenye chumba ambacho hakina hata harufu ya moshi. Mashabiki walikuja kumwimbia Luama, wakala karanga zake, wakaenda. Hakuna aliyeuliza habari ya mkewe. Hakuna. Na wale ndio aliokuwa anawalindia heshima hapa, wale wanaonawa nyuso kisimani?

"Lete," alimwambia Bruno.

*

Hakuweza kubadili nguo pale, mbele ya mama mkwe. Kifua wazi mbele ya Mama Véronique kingekuwa kosa jingine, la kudai mbuzi mwingine. Alikwenda nyuma ya migomba, akavua buluu, akavaa njano. Ilikuwa pana, imelowa, na ilinuka Bruno.

Alipotoka, kelele zilikuwa nyingi hata beberu akaacha kutafuna.

Akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande.

"Hesabu!" Bruno aliamuru.

"Juma tatu," Marcellin alisema kwa sauti ya chini, "goli la kichwa."

"Sauti!"

"Juma tatu, goli la kichwa! Juma nne, penalti! Juma tano, lile la mbali! Alhamisi, mguu wa kushoto, kipa amelala! Ijumaa, kipa amekimbia! Juma mosi, kipa amesimama! Juma pili..."

Alisita.

"Juma pili, tulijifunga wenyewe."

Ua ulipasuka. Watu walianguka juu ya wengine kwa kucheka. Bruno alikuwa anafuta machozi.

"Na Luama iko nini?"

Marcellin alikuwa ametayarisha neno dogo tu, la kumridhisha mjinga yule, kisha ashuke. Lakini mdomo ulipofunguka, haukufungika.

"Luama iko kundi la waoga!" alisema. "Kocha anapanga timu kwa kutazama nani ni mutoto wa ndugu yake. Mushambuliaji akiguswa kidogo analala chini kama mugonjwa wa malaria, na mupira unaendelea bila yeye. Kipa anaogopa mupira! Mutu anayeogopa mupira anawekwa golini, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusimama hapo! Na mashabiki? Mashabiki wa Luama ni watu wa kuimba tukishinda. Tukifungwa wananawa uso. Nimewapigia ngoma hadi mikono ikatoka damu. Nimekosa kilio kwa ajili yao. Nimekosa kuzika, mie, mukwe, kwa ajili ya watu ambao hawawezi hata kupeana pasi!"

Hakuna aliyecheka tena. Watu wa Chui walitazamana. Walikuwa wametaka mzaha, na hapa palikuwa na mtu mzima anayesema kweli, fulana si yake.

"Sawa, shemeji," Bruno alisema, ameona haya kidogo. "Sawa. Shuka. Imetosha."

Akaenda mwenyewe kwenye mparachichi. Alifungua kitambaa cha buluu, akamfungua beberu, akaiweka kamba mkononi mwa Marcellin. Marcellin akampa Iliasi. Iliasi akachuchumaa tena, akamfikishia mzee.

Mzee Grégoire alishika sikio la mbuzi. Alilishika kwa muda mrefu.

"Sasa imetoka kwako," alisema. "Nimepokea."

Na Mama Véronique, bila kugeuka, akasema kwa ukuta: "Jembe la hapa haliko zito sana. Siku ingine aje alijaribu."

"Atalijaribu, mama," Iliasi alijibu kwa niaba ya mkwe.

Estelle aliingia ndani. Alikawia. Marcellin alisimama akihesabu majani ya mparachichi, asijue mikono aiweke wapi. Kisha Estelle akatoka na mfuko wake kichwani na kitenge kingine kiunoni.

Alimsogelea mumewe karibu sana, akasema kwa sauti ya wao wawili.

"Narudi. Lakini usijisifu. Sirudi kwa sababu ya mbuzi, na ule wimbo wako juu ya kinu haukunifurahisha. Narudi kwa sababu ile nyumba niliikandika kwa mikono yangu. Ile shamba ya mihogo niliilima mie. Narudi kwangu. Wewe utakuwa mugeni kwanza, mugeni wa adabu, hadi niseme."

"Ndiyo, Estelle."

"Na ile ngoma italala nje."

"Ndiyo."

Aliyasema kama mtoto wa shule, na hakujali nani anamsikia. Amempata mkewe. Saba kwa sifuri, jasho la Bruno, aibu mbele ya Kasongo nzima, vyote vilikuwa vimepita. Iliasi alikuwa tayari anasukuma pikipiki kuelekea njiani.

Hapo simu ya Marcellin ililia.

Ilikuwa ni Heri, mdogo wake, ambaye Marcellin alimwachia nyumba ailinde. Simu ile ilikuwa mbovu, haisikiki ila kwa sauti kubwa, na kila aliyekuwa uani alisikia.

"Heri! Tuko njiani kurudi. Na shemeji yako. Fagia nyumba."

"Nani anazungumza?" Heri aliuliza.

"Namna gani, nani? Mie, kaka yako."

"Mie sina kaka anayevaa njano."

Nyuma ya sauti ya Heri palisikika watu. Wengi. Na ngoma.

"Tumekuona," Heri alisema. "Soko nzima imekuona. Video inapita kwa kila simu ya Kabambare. Kundi la waoga, eh? Tunanawa uso, eh? Mama ya Kasimu iko hapa inalia. Unasikia? Mutoto yake anaogopa mupira!"

"Heri, nisikilize, ilikuwa..."

"Nisikilize wewe. Mulango wa nyumba yako tumeutoa. Tumeupeleka uwanjani, wachezaji watakalia. Madirisha tunatoa kesho. Usikanyage huku. Ukikanyaga, mie wa kwanza."

Marcellin alitazama watu wa njano. Bruno aliweka simu yake mfukoni taratibu, kwa maana video ile yeye ndiye aliyeituma.

Mkono ulipita mbele ya uso wa Marcellin ukamnyang'anya simu.

"Heri," Estelle alisema. "Ni mie."

Ngoma za upande ule zilinyamaza.

"Shemeji... Shikamoo, shemeji."

"Shikamoo yako iweke. Ule mulango nani ameutoa?"

"Shemeji, ni watu. Watu wamekasirika. Bwana yako ametutukana mbele ya..."

"Bwana yangu ni mujinga. Najua. Nimelala naye, namujua kuliko ninyi. Lakini wa kumutukana ni mie peke yangu, na leo nilikuwa bado sijamaliza. Ule mulango ni wangu. Niliubeba kwa kichwa kutoka kwa seremala, mvua inanyesha. Mutu anayeukalia aukalie vizuri, maana nakuja kumuinua."

"Shemeji, kuja wewe. Wewe huna neno. Lakini yeye asikuje. Tumekaa kwa barabara, kwa kuingilia. Tuko wengi. Shemeji, nakuomba, umuache huko huko."

Estelle alizima simu, akaitia katika mfuko wake mwenyewe.

Alikaza kitenge. Akapanda pikipiki nyuma ya Iliasi, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Marcellin alisimama. Mikono yake ilikwenda pindoni mwa fulana ya njano, akaanza kuikunja kuipandisha, hakujali tena mama mkwe wala kifua wazi. Buluu yake ilikuwa bado nyuma ya migomba. Kuikimbilia, kuivaa, kusema alilazimishwa...

"Iache," Estelle alisema.

"Estelle, wataniua."

"Hiyo nguo uliivaa kwa ajili ya nani?"

Wote uani walikuwa wanamtazama: mzee na sikio la mbuzi mkononi, Bruno kifua wazi, watu wa ukutani.

"Nimekuuliza. Kwa ajili ya mbuzi, ama kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako."

"Basi utaingia nayo Kabambare," Estelle alisema. "Mbele yangu. Nikuone."

Iliasi aliwasha pikipiki. Marcellin alishusha pindo la fulana, akalinyoosha vizuri, na akainua mguu kupanda.